Shamba Lisiishie Mtoni: Mhadhara Kuhusu Mmomonyoko wa Udongo katika Mashamba ya Mteremko

(Mhadhara huu ulitolewa Morogoro mbele ya madiwani, maafisa ugani, walimu, wanafunzi na wakulima. Umechapishwa karibu kama ulivyosemwa.)

 

Nafurahi kuwaona wakulima wamekaa viti vya mbele. Mara nyingi mambo ya mkulima hujadiliwa yeye akiwa hayupo.

Nimepewa saa moja nieleze namna ya kupunguza mmomonyoko wa udongo katika mashamba yanayolimwa. Malisho na misitu nitavigusa kwa kupita tu. Nitakaa shambani, penye jembe. Ninataka kuwashawishi jambo moja, nalo ni kwamba kwa miaka mingi tumeianza kazi hii mwishoni. Tumeanza na mtaro, tukamwamuru mtu auchimbe. Nitaonyesha kwamba kazi inaanza na tone la mvua, inafuata kwenye mwendo wa maji, na yote hayo hayadumu ikiwa anayeshika jembe haoni faida mapema wala hana uhakika na ardhi anayoilima. Hoja zangu ni tano. Hazilingani kwa urefu, mtanivumilia.

1. Udongo unaondoka bila kuonekana

Tupige hesabu ndogo. Milimita moja ya udongo ikiondoka katika hekta moja, ni mita za ujazo 10, yaani takriban tani 13. Lori la tani saba lingelazimika kwenda mara mbili kuumaliza. Lakini nani anaiona milimita moja? Mkulima huona korongo, na serikali huona daraja lililozibwa na mchanga. Tabaka lenye mboji, lile la juu linalolisha mahindi, huondoka kidogo kidogo miaka mingi kabla korongo halijafunguka. Mavuno yakishuka tunasema mbegu imechoka, au mvua za siku hizi si kama za zamani.

Katika miaka ya 1930, kule Mpwapwa, mtafiti R. R. Staples alipima jambo hili katika vipande vya ardhi vyenye mteremko wa nyuzi tatu na nusu tu. Huo ni mteremko ambao wengi hapa tungeuita tambarare. Ardhi iliyoachwa tupu ilipoteza tani zipatazo 147 za udongo kwa hekta kwa mwaka, na karibu nusu ya mvua yote ilitiririka ikaenda zake. Palipolimwa uwele zilipotea tani 78. Palipokuwa na nyasi za kudumu, maji yaliyotiririka hayakufika asilimia 2 ya mvua, na udongo uliopotea haukuwa wa kupimika.

Naomba maafisa ugani wakae na takwimu hizo kidogo. Mvua ilikuwa moja, mteremko mmoja, kijiji kimoja. Hapakuwa na mtaro hata mmoja.

2. Kazi inaanza na tone

Tone kubwa la mvua hufika ardhini kwa kasi ya kama mita tisa kwa sekunde. Likipiga udongo ulio wazi, hupasua mabumba na kurusha chembe pande zote. Wanaotilia shaka, waingie shambani asubuhi baada ya mvua kubwa wageuze majani ya chini ya maharage: wataona matope yamerukia upande wa chini wa jani. Chembe nyororo zilizorushwa huziba vitundu vya udongo, ganda jembamba linajitengeneza juu, na maji ambayo yangezama hukosa njia. Hapo ndipo yanapoanza kukimbia. Maji mnayoyaona yakishuka kwa fujo ni matokeo ya kilichotokea dakika chache kabla, tone lilipogusa ardhi tupu.

Jaribio lililonifundisha zaidi katika elimu hii ni la Norman Hudson, lililofanywa miaka ya 1950 katika kituo cha Henderson, kwenye nchi tunayoiita leo Zimbabwe. Alichukua vipande viwili vya ardhi vinavyofanana, vyote akavipalilia visiwe na jani. Juu ya kimoja akatandaza wavu wa kuzuia mbu, ukining'inia bila kugusa udongo. Mvua ilipiga wavu, ikavunjika, ikafika chini kama manyunyu. Udongo uliopotea katika kipande kisicho na wavu ulizidi ule wa chenye wavu zaidi ya mara mia moja. Kiasi cha maji kilichoangukia vipande vyote viwili kilikuwa sawa. Kilichobadilika ni nguvu ya tone.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mkulima ni hili: mvua ya kwanza ya vuli inalikuta shamba lako limevaa nini? Katika milima yetu hapa jibu mara nyingi ni kwamba halikuvaa kitu. Limefyekwa Septemba, limechomwa, limekwatuliwa, linasubiri. Mvua kali kuliko zote inapokuja, mahindi bado ni vijiti viwili vya kijani.

Si lazima shamba lifunikwe lote. Mabua na majani yakifunika hata theluthi moja tu ya ardhi, upotevu wa udongo hushuka kwa nusu au zaidi. Mazao yanayotambaa husaidia pia: fiwi, maboga na maharage kati ya mistari ya mahindi. Mbaazi nayo hubaki shambani baada ya mahindi kuvunwa, ikaendelea kuangusha majani wakati wa kiangazi.

Hapa lazima tuseme ukweli kuhusu moto na mifugo. Anayechoma shamba ana sababu. Moto unamwokolea siku nyingi za kufyeka na kuzoa, unaua magugu, na majivu yanatoa mavuno mazuri msimu wa kwanza. Ukimwambia aache kuchoma bila kumwambia atapata wapi nguvu za kazi hiyo, umemwachia mzigo ukaondoka. Na kule Gairo, Kongwa na Dodoma, mabua ni chakula cha ng'ombe wakati wa kiangazi. Mkulima akiyaacha shambani leo, kesho mifugo ya jirani imeyamaliza, kwa sababu kwa desturi shamba likishavunwa ni la wote. Kwa sababu hiyo siamini kwamba kifuniko cha udongo kitashinda kwa mafunzo peke yake. Kijiji kinahitaji sheria ndogo kuhusu kulisha mabua, iliyokubaliwa na wafugaji wenyewe, na kinahitaji majani mengine ya kulishia. Nitayarudia majani hayo sasa hivi.

3. Maji yazuiwe yangali polepole

Hata shamba lililofunikwa vizuri, mvua ikizidi, maji yatatembea. Kazi ya pili ni kuhakikisha hayapati mwendo. Maji yakiongeza kasi mara mbili, nguvu iliyomo ndani yake huongezeka mara nne. Ndiyo maana mteremko mrefu usiokatizwa ni hatari kuliko mfupi, na ndiyo maana kulima kwa kupanda na kushuka mlima ni kuyachimbia maji mifereji. Madereva wa matrekta ya kukodi wanapenda kulima hivyo kwa kuwa ni salama kwa trekta na kazi inaisha haraka. Halmashauri zingeweza kuzungumza nao. Nami nimeshangaa kwamba hili halijawa ajenda mahali popote nilipofanya kazi.

Kulima kwa kukinga mteremko kunahitaji mstari unaofuata usawa wa maji, yaani kontua, na mstari huo haupatikani kwa macho. Macho hudanganya mlimani. Vifaa ni rahisi: kamba ya mita kumi, vijiti viwili vyenye urefu sawa na pima maji ya fundi mwashi ikining'inia katikati. Au fremu ya miti mitatu yenye umbo la herufi A, na jiwe lililofungwa kwa uzi. Mtoto wa darasa la sita anaweza kufundishwa kwa asubuhi moja.

Juu ya mstari huo unaweza kupanda ukanda wa majani. Wasambaa wa Lushoto wana kitu wanachokiita miraba: kuta za majani zinazokatizana, zikigawa shamba vipande vipande. Mabingobingo au majani ya guatemala yanakamata udongo unaoshuka, na mwaka hata mwaka ngazi inajijenga yenyewe bila mtu kuinua udongo wote kwa mkono. Majani hayo hukatwa yakalisha ng'ombe wa maziwa zizini. Haya ndiyo majani niliyoahidi kuyarudia. Mahali ambapo ng'ombe anafungiwa ndani, ukanda wa majani una mwenyewe wa kuutunza kila siku, na mabua nayo yanapata nafasi ya kubaki shambani.

Nisimame kwa muda Mbinga, mkoani Ruvuma, kwa kuwa sijui kilimo kingine cha mteremko katika nchi yetu kilichofikiriwa kwa kina kama ngoro ya Wamatengo. Katika karne ya 19, vita vya Wangoni viliwabana Wamatengo wakabaki na milima mikali, na humo wakajijengea kilimo chao. Mvua zinapokaribia kwisha, wanaume hufyeka nyasi na kuziacha zikauke. Kisha huzipanga kwa mistari inayokatizana, ikawa miraba ya kama hatua mbili kwa mbili. Wanawake huingia na majembe, wakachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuufukia juu ya zile nyasi. Kinachobaki ni mashimo na matuta yaliyoenea mlima mzima, kama sega la nyuki. Maharage hupandwa juu ya matuta. Msimu unaofuata ni zamu ya mahindi. Baadaye ngoro hutengenezwa upya, na mashimo yanahamia mahali pengine.

Angalieni kinachofanyika hapo kwa kazi moja. Nyasi zinaoza ndani ya tuta na kuwa mbolea. Mvua inaangukia shimoni, inakaa, inazama. Udongo uliobanduka juu ya tuta hauendi mbali, unatua ndani ya shimo, nao hurudishwa juu ngoro zikitengenezwa upya. Maji hayapati hata mita tatu za kukimbilia. Hakuna mtaalamu aliyekuja kuwaelekeza; elimu hiyo ilikuwepo kabla ya kituo cha utafiti cha kwanza kujengwa Tanganyika. Ngoro ina gharama yake, na gharama hiyo wanaibeba zaidi wanawake, ambao ndio wachimbaji. Anayetaka kuisambaza kwingine lazima aanze na swali la nani atachimba.

Kwa nchi kavu, Dodoma imetupa mashimo ya Chololo, yaliyopewa jina la kijiji chake: vishimo vidogo vyenye samadi vinavyokusanya maji kwa ajili ya mashina machache. Wazo ni lile lile. Ukambani nchini Kenya wana fanya juu: mtaro unachimbwa kwenye mstari wa kontua, udongo ukitupwa upande wa juu uwe tuta, na baada ya miaka kadhaa ardhi iliyo kati ya matuta hujilaza kuwa ngazi.

Nina onyo moja kuhusu mitaro. Mtaro uliopimwa vibaya ni hatari kuliko kutokuwa na mtaro. Unakusanya maji ya shamba zima na kuyaelekeza mahali palipo chini, panapasuka, na korongo linazaliwa kwa usiku mmoja. Kama hamna njia ya maji iliyoandaliwa, yenye nyasi, ya kuyapokea na kuyashusha salama, msichimbe mitaro. Na kuna miteremko isiyostahili jembe kabisa. Februari 1970, mvua ya saa chache huko Mgeta, katika milima yetu ya Uluguru, ilisababisha maporomoko ya ardhi zaidi ya elfu moja. Watafiti waliokwenda kuyahesabu, Paul Temple na Anders Rapp, walikuta karibu yote yameanzia kwenye mashamba na nyika za majani. Yaliyoanzia penye miti hayakufika asilimia moja. Wazee wa Mgeta mliopo hapa mnaikumbuka siku ile kuliko kitabu chochote.

4. Amri haihifadhi udongo

Hoja hii inagusa milima inayoonekana kupitia madirisha ya ukumbi huu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru. Watu waliamriwa kuchimba matuta ngazi kwa siku zilizopangwa, na waliokaidi walipelekwa mahakamani. Mwaka 1955 kule Matombo watu walikusanyika kupinga, ghasia zikatokea, mtu mmoja akauawa kwa risasi. Mwaka huo huo mpango ulifutwa.

Inasemwa kirahisi kwamba Waluguru walikataa maendeleo. Roland Young na Henry Fosbrooke, walioandika kitabu juu ya mgogoro huo mwaka 1960, walitoa picha iliyo pana zaidi, na ukiisoma unaona watu waliokuwa na hoja. Kwanza, udongo wa sehemu nyingi za Matombo ni mwembamba. Kuchimba ngazi kulileta juu udongo mwekundu usio na rutuba na kuuzika ule mzuri, hivyo mavuno yakapungua baada ya jasho lote lile. Pili, ardhi ilikuwa ya ukoo. Aliyeazima kipande kwa ukoo mwingine alitoa ngoto, yaani malipo ya kuazima, na hakutegemewa kufanya kazi ya kudumu juu yake, kwa maana kazi ya kudumu ingekuwa dai la umiliki. Serikali iliona mlima; haikuuona ukoo. Na upande wa Mgeta, ambako mboga zilikuwa na soko na maji ya kumwagilia yalikuwepo, ngazi zilibaki na zinatunzwa hadi leo bila askari yeyote. Wenyeji ni Waluguru wale wale.

Kenya ilikuwa na hadithi ya namna hiyo. Katika miaka ya 1940 wanawake wa Murang'a, waliokuwa wakichimbishwa mitaro kwa lazima, waliacha kazi na kuandamana. Lakini Kenya hiyo hiyo inatupa mfano wa matumaini. Katika miaka ya 1930 maofisa waliielezea Machakos kama ardhi inayokufa. Miaka sitini baadaye, mwaka 1994, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walionyesha kwamba watu wa Machakos walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano na mmomonyoko umepungua. Kahawa, matunda na mboga zilipopata njia ya kufika Nairobi, na mishahara ya Nairobi iliporudi nyumbani kununua majembe na ng'ombe, watu walichimba fanya juu wenyewe. Vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, vingi vikiwa vya wanawake, vilihama kutoka shamba hadi shamba. Ngazi iliwashikia maji, na maji yaliwapa zao la kuuza mwaka huo huo.

Kwa hiyo, ndugu zangu maafisa ugani, mkienda kijijini na mtaro mkononi, swali la wakulima litakuwa: utanipa nini msimu huu? Ni swali la haki. Ukanda wa majani hujibu kwa maziwa, fiwi hujibu kwa mboga, shimo la Chololo hujibu kwa hindi lililojaa mwaka wa ukame. Asiyekuwa na jibu asubiri kwanza.

5. Shamba ni la nani?

Nitakuwa mfupi hapa, kwa sababu jambo lenyewe liko wazi. Anayekodi shamba kwa msimu mmoja hatapanda majani yatakayomnufaisha mpangaji wa mwakani. Mwanamke anayechimba ngoro au ngazi kwenye ardhi asiyoweza kubaki nayo mumewe akifariki, anajenga mali ya watu wengine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilimpa mwanamke haki sawa na mwanaume katika kupata na kumiliki ardhi, na ikaweka hati ya haki miliki ya kimila. Karatasi hiyo ikiwa na majina ya mume na mke ni kifaa cha kuhifadhi udongo sawasawa na pima maji. Nasema hivi kwa moyo wangu wote, na waheshimiwa madiwani ndio wenye uwezo wa kulisukuma.

Yaliyo mbele yetu

Maji ya Uluguru hayaishii Morogoro. Mengine huingia bwawa la Mindu, lakini mengine huwa mto Ruvu na kunywewa Dar es Salaam. Miaka ya 2000, kupitia mradi wa CARE na WWF, wakulima wa Kibungo walilipwa kwa kutengeneza ngazi na kupanda miti, na miongoni mwa waliolipa lilikuwemo shirika la maji la Dar es Salaam. Napendekeza wazo hilo lirudi likiwa kubwa, lisitegemee mradi: sehemu ndogo ya ankara ya maji ya mjini ipande mlimani kila mwezi, ipitie serikali za vijiji, na hesabu zake zisomwe katika mkutano mkuu wa kijiji.

Kabla ya vuli inayokuja, kila kata ya mlimani ichague mteremko mmoja tu, wenye wakulima wanaotaka wenyewe, na ifanye pale kila kitu kwa pamoja: mistari ipimwe, majani yapandwe, moto usimame, mifugo ifungiwe, hati ziandikwe. Maafisa ugani wasihesabu mita za mitaro zilizochimbwa, kama fomu zetu zinavyodai mpaka leo. Wahesabu kaya zilizotunza ukanda wake hadi mwaka wa tatu.

Na kwenu wanafunzi nina kazi. Chukueni vipande vya nondo vya nusu mita, mvipigilie katika mashamba ya jirani na shule, vingine penye majani na mabua, vingine penye ardhi tupu. Tieni alama ya rangi usawa wa ardhi, kwa ruhusa ya mwenye shamba. Baada ya vuli pimeni umbali kati ya alama na udongo, na baada ya masika pimeni tena. Mwenyekiti akikubali, mwakani vipimo vyenu visomwe katika ukumbi huu, mbele ya wenye mashamba, kabla mtaalamu yeyote hajapewa nafasi ya kuzungumza.

 Nakaribisha maswali, na naomba tuanze na Matombo.